Nguvu ya Dawa ya Gome Inakaa Wapi

Gome lililochemshwa likimponya mgonjwa, linabaki swali ambalo kupona kwenyewe hakulijibu: nguvu iliyomponya ilikuwa wapi? Huenda ilikuwa ndani ya gome, ikasubiri maji ya moto yaitoe. Huenda ilikuwa katika mkono na neno la aliyelitoa, au ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, gome likaiamsha tu. Na wapo wanaosema ilitoka kwa Mungu, na vingine vyote ni njia. Swali hili ni la kale katika dini na falsafa za Afrika Mashariki. Katika miongo ya karibuni limepata mchangiaji mpya, elimu ya epijenetiki, inayochunguza jinsi jeni zinavyofunguliwa na kufungwa ndani ya seli bila maandishi yake kuguswa. Baadhi ya kemikali zinazoingilia kazi hiyo hutoka katika magome ya miti, ikiwamo miti ya miombo inayoizunguka Masumbwe.

Masumbwe ni mji mdogo wa Wilaya ya Mbogwe, katika Mkoa wa Geita ulioundwa mwaka 2012; kabla ya hapo eneo hilo lilihesabiwa Shinyanga. Ni nchi ya Wasumbwa, pamoja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao na wachimbaji wadogo wa dhahabu waliofuata maduara, yaani mashimo ya machimbo, kutoka kila upande. Pori lake la asili ni la miombo, na maisha ya watu wa miombo yamefungamana na magome kwa muda mrefu: kamba, mizinga ya nyuki, vilindo vya kuhifadhia nafaka, na dawa.

Kati ya miti ya dawa, mninga ndio unaovuta macho zaidi. Panga likipita kwenye gome lake, mpasuko hujaa utomvu mwekundu unaotiririka taratibu kufuata mikunjo ya gome, kisha huganda na kuwa mweusi pembezoni. Mchimba dawa hubandua kipande upande wa mawio na kingine upande wa machweo, akaliacha gome la kati lilivyo. Desturi hiyo ina maana yake ya ibada, lakini pia inauokoa mti, kwa sababu gome likivuliwa kuuzunguka mti mzima, njia inayoshusha chakula kutoka majani kwenda mizizi hukatika, na mti hufa ukiwa umesimama. Vipande huanikwa au huchemshwa vikiwa vibichi hadi maji yageuke hudhurungi. Dawa hiyo hutolewa kwa upungufu wa damu, kwa hedhi inayozidi kiasi, kwa vidonda na mapunye.

Sababu ya kuuchagua mninga kwa maradhi ya damu haijifichi: mti wenyewe unatoka damu. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyetumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika na kuishi miaka mingi katika nchi ya Wasukuma, alieleza mwaka 1949 kwamba dawa ya mganga huko ina sehemu mbili. Kuna mitishamba yenyewe, na kuna kiambato kinachoitwa shitongelejo, ambacho sura yake, jina lake au tabia yake hufanana na jambo linalotakiwa, nacho ndicho kinachoielekeza dawa kwenye kazi yake. Kwa mtazamo huo, mzizi usio na mwelekeo hubaki kuwa mzizi.

Wanafalsafa waliandika jambo la jinsi hiyo kwa lugha nyingine. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, aligawa vyote vilivyopo katika makundi manne kwa kufuata lugha ya Kinyarwanda, akavitenga viumbe vyenye akili na vitu visivyo na akili, mimea ikiwamo. Mjerumani Janheinz Jahn aliichukua hoja hiyo mwaka 1958 akaivuta mbali zaidi: kwa Mwafrika, alisema, kitu hakitendi chenyewe, dawa hubaki imelala hadi neno la mtu liiamshe. Jahn alilikuza jambo kupita ushahidi wake, lakini hakulibuni. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mugariga kwa shilingi 500. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha mti huo, na kwamba dawa ilifanya kazi kwa sharti la kutolewa na mkono wake yeye. Mti ulijulikana na wengi na ulikuwa ukitumika kabla yake. Watu walichofuata Samunge ni mzizi ulioambatana na wito.

Jibu jingine, la kwamba nguvu imo ndani ya gome, ndilo lililojenga maduka ya dawa ya leo. Nalo pia lilianza kwa ufanano. Mwaka 1763 kasisi wa Kianglikana, Edward Stone, aliliandikia shirika la wanasayansi la London kuhusu gome la mti wa willow, alilolikausha, akalisaga na kuwapa wagonjwa wa homa. Hoja mojawapo iliyompeleka kwenye mti huo ilikuwa kwamba willow huota penye majimaji, mahali palepale homa zinapotokea, na Mungu huweka tiba karibu na ugonjwa. Mganga wa Kisukuma angemwelewa mara moja. Wakemia wa karne ya 19 waliitoa salisini katika gome hilo, wakatengeneza asidi ya salisili, na mwaka 1897 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaipata aspirini. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kuwa aspirini hupunguza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Wengi waliamini kwamba hapo maelezo ya gome la Stone yamekamilika.

Hayakuwa yamekamilika, na ili kuona kwa nini inabidi kuingia ndani ya seli. Kila seli ya mtu yenye kiini hubeba DNA ya urefu wa karibu mita 2, iliyozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Humo mna jeni za kutengenezea protini zipatazo 20,000. Seli ya ini na seli ya ubongo zina jeni zilezile. Zinatofautiana kwa jeni zinazosomwa na zisizosomwa. Mwingereza Conrad Waddington aliipa elimu hii jina mwaka 1942, kabla hata umbo la DNA halijajulikana. Leo alama zake kuu mbili zinafahamika vizuri. Kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili kikibandikwa juu ya DNA, mara nyingi jeni iliyo hapo hunyamaza. Kikundi kingine, asetili, kikibandikwa kwenye mikia ya histoni, uzi wa DNA hulegea na jeni husomeka. Vipo vimeng'enya vinavyobandika alama hizi, na vipo vinavyozibandua.

Wafugaji wa Shinyanga wana mfano wao wa jambo hili katika ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 uliyafufua katika mkoa uliokuwa umekaribia kuwa jangwa. Ngitili ikifungwa, nyasi ziko palepale. Kilichoondoka ni ruhusa ya kuingia. Jeni iliyofungwa nayo haikufutwa.

Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba salisilati, kemikali ambayo mwili huipata kutoka kwenye gome la willow na kwenye aspirini, huvizuia vimeng'enya viwili vinavyobandika asetili, p300 na CBP, kwa kugombea navyo nafasi ileile inapokaa molekuli inayoleta asetili. Kwa maneno mengine, kemikali ya gome hufika kwenye mlango wa jeni. Na willow si mti pekee. Katika miombo ya magharibi mwa Tanzania huota mti mdogo wa maua ya zambarau ambao wanabotania huuita Securidaca longepedunculata. Gome la mzizi wake likikwaruzwa hutoa harufu kali ileile ya marhamu ya kuchulia misuli, kwa sababu ndani yake mna methili salisilati kwa wingi. Waganga huutumia kwa maumivu, kikohozi na kuumwa na nyoka. Mwilini kemikali hiyo huvunjwa ikawa salisilati, na kutoka hapo njia ya kwenda p300 ni ile iliyokwisha kuelezwa. Mzizi huohuo ni sumu, na kipimo kikizidi huua.

Mifano mingine huingia kwa milango tofauti. Gome la mti wa Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri na ambao huota katika milima ya Kenya, Uganda na Tanzania, limeuzwa Ulaya tangu miaka ya 1960 kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1990 mti huo uliwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Moja ya kemikali zake, asidi ya atrariki, hukizuia kipokezi cha homoni ya kiume. Kipokezi hicho kikiamshwa na homoni hukaa juu ya DNA na kuita vimeng'enya vya asetili, vikiwamo p300 na CBP, vije kufungua jeni. Kukizuia ni kuzuia ufunguzi huo kabla haujaanza. Maganda ya korosho ya Mtwara, ambayo si gome lakini yana ukali unaofanana, yana asidi ya anakadiki, iliyogunduliwa mwaka 2003 kuwa kizuizi cha p300.

Hapa uangalifu unahitajika kuliko shangwe. Mninga na miti mingi ya miombo ina tanini nyingi, na tanini zina tabia ya kujishikiza kwenye karibu kila protini zinayokutana nayo. Katika bomba la maabara zitakizuia kimeng'enya chochote, kwa hiyo matokeo yanayosema gome fulani linazuia kimeng'enya cha epijenetiki huenda yakawa hayasemi lolote la pekee. Tena tanini nyingi hazipenyi ukuta wa utumbo zikiwa nzima. Hukatwakatwa na bakteria, na mabaki madogo ndiyo yanayoingia kwenye damu. Bakteria hao hao, wakichachusha nyuzinyuzi za ugali wa mtama au maharage, hutoa butireti, kemikali inayozuia vimeng'enya vinavyobandua asetili. Huenda basi chakula cha kila siku kinazigusa alama za seli za utumbo kuliko kikombe cha dawa. Matangazo yanayonadi magome kuwa yanarekebisha jeni huruka hatua hizi zote, na mgonjwa aliyekata tamaa ndiye anayelipa.

Kwa swali la nguvu inakaa wapi, maarifa haya yana uzito wake. Salisilati haibebi agizo lolote. Haisemi jeni ipi ifunguliwe. Inamzuia mbandikaji, na kitakachofuata hutegemea seli hiyo ni ya aina gani, ilikuwa katika hali gani, kipimo ni kiasi gani na wakati ni upi. Molekuli moja hupunguza maumivu kwa huyu na kutoboa tumbo la yule. Anayetafuta nguvu ndani ya gome kana kwamba imewekwa akiba humo hataipata, kwa sababu nguvu hiyo ni jambo linalotokea kati ya gome na mwili. Padri Placide Tempels, aliyeandika Kongo mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Wabantu, alikosolewa kwa haki kwa kuwasemea watu ambao hakuwauliza vya kutosha, lakini wazo lake kwamba nguvu za viumbe huongezeka na kupungua kwa kugusana lilikaribia jambo hili kuliko lugha ya kiambato kikuu iliyoandikwa kwenye boksi la vidonge.

Je, neno la mganga limethibitishwa kwa njia hiyo? Kwa sehemu, na sehemu hiyo isitiwe chumvi. Hofu na utulivu vina njia yao ya kufika kwenye jeni: homoni ya msongo, kotisoli, hufanya kazi kupitia kipokezi kinachokaa juu ya DNA na kubadili usomaji wake. Mgonjwa aliyepokewa kwa heshima, akaitwa kwa jina la ukoo wake na kuelezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa, anapokea kitu ambacho seli zake zitakijua. Lakini mzizi wa Securidaca utamuua aliyeombewa kama utakavyomuua asiyeombewa. Na baadhi ya waliokunywa kikombe cha Loliondo waliacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa imani kwamba wamepona, na virusi havikusubiri.

Kuhusu Mungu, dini zilizopo Masumbwe zina majibu yaliyofikiriwa kwa kina. Wamisionari wa Kikatoliki walijenga Ushirombo, jirani na hapo, mwaka 1891, na Biblia yao ina kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho sura yake ya 38 inamheshimu mganga na kusema kwamba dawa za ardhini ziliumbwa na Bwana. Thomas Aquinas katika karne ya 13 alifundisha kwamba Mungu hutenda kupitia visababishi halisi, hivyo moto huchoma kweli na gome hutibu kweli. Imamu Al-Ghazali, karibu karne mbili kabla yake, alishika upande mwingine: pamba ikikutana na moto, kinachoonekana ni kuungua kukifuatana na kukutana, na anayeunguza ni Mwenyezi Mungu. Ibn Rushd akampinga kwa hoja kwamba anayeondoa visababishi anaondoa elimu yenyewe. Ugunduzi wa p300 hauamui ugomvi huo. Unaongeza kiungo kimoja katika mnyororo, na swali la nani ameshika mnyororo hubaki lilivyokuwa. Muumini anachopoteza ni hoja moja tu, tena dhaifu: kwamba dawa ni takatifu kwa kuwa haijulikani inafanyaje kazi. Waliozoea kuisimamisha imani juu ya pengo la maarifa watalazimika kuihamisha kila pengo linapozibwa.

Lipo kosa lingine katika swali hili, nalo limegharimu damu katika ukanda huu. Ni imani kwamba nguvu huhifadhiwa ndani ya kitu, ikaweza kukatwa, kuuzwa na kubebwa hadi kwenye duara la mgodi ili dhahabu ionekane. Kwa imani hiyo, tangu miaka ya 2000, watu wenye ualbino wamewindwa, wamekatwa viungo na kuuawa katika Shinyanga, Geita, Mwanza na mikoa jirani, watoto wakiwamo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Uovu huo haukuhitaji maabara ili ujulikane kuwa uovu. Maadili ya Wasukuma na Wasumbwa, Ukristo na Uislamu vilikwisha kuuhukumu. Hata hivyo ni lazima kusema wazi kwamba hata kama maelezo ya ulimwengu, imani hiyo ni uongo. Nguvu ya uhai haikai ndani ya kiungo kilichotengwa na mwili. Ualbino wenyewe ni tofauti katika jeni chache za kutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho, na haubebi nguvu yoyote zaidi ya hapo.

Neno asili, linalotumiwa kuzinadi dawa za miti, nalo halina budi kupimwa. Mitambo ileile ya seli inayoguswa na gome huguswa pia na sumu za machimbo. Arseniki, ambayo hupatikana katika miamba yenye dhahabu ya Geita, hutolewa mwilini kwa kubandikwa methili, na methili hizo hutoka katika akiba ileile inayotumika kuweka alama kwenye DNA. Tafiti katika nchi kadhaa zimehusisha arseniki na mabadiliko ya alama hizo. Zebaki huchanganywa kwa mikono na mchanga uliosagwa kwenye mashine iitwayo karasha ili kuikamata dhahabu, kisha huchomwa, na moshi wake huvutwa na walio karibu. Watafiti wa chuo kikuu cha Bugando, Mwanza, walikuta kiwango cha arseniki na zebaki kikiwa juu zaidi kwa wajawazito wa maeneo ya machimbo kuliko kwa wa maeneo mengine, na mwaka 2014 walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba pemba, ule udongo unaouzwa sokoni na kuliwa na wajawazito, ulikuwa na arseniki. Udongo ni wa asili, arseniki ni ya asili, mzizi wa Securidaca ni wa asili. Usalama hauamuliwi na chanzo.

Kwa mjamzito jambo hili lina uzito wa pekee, na hapa ndipo epijenetiki inapokutana na fundisho la wahenga. John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 kwamba katika dini za Kiafrika wafu wa karibu wangali wanachama wa familia, na Wasukuma huwatambikia masamva wao wakiamini kwamba ya mababu huwafikia wajukuu. Wapo wanaosema leo kwamba sayansi imeyathibitisha hayo. Ushahidi unasema kidogo zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wanawake wa Kitutsi waliopitia mauaji ya kimbari ya Rwanda wakiwa wajawazito na wale wa kabila lao waliokuwa wajawazito wakati huo bila kuyapitia. Watoto wa kundi la kwanza walikuwa na methili zaidi kwenye jeni ya kipokezi cha kotisoli. Hao ni watoto waliokuwa tayari tumboni, na mshtuko uliwafikia moja kwa moja kupitia damu ya mama. Idadi ya waliochunguzwa ilikuwa ndogo.

Kwa wanyama wanaonyonyesha, sehemu kubwa ya alama za methili hufutwa baada ya mbegu na yai kuungana, kisha huandikwa upya. Tena hufutwa katika seli zitakazokuja kuwa mbegu au mayai ya mtoto huyo. Kwa sababu hiyo urithi wa alama kupita vizazi vingi umeonekana vizuri kwa mimea, umeonekana kwa baadhi ya panya wa maabara, na kwa binadamu haujathibitishwa. Kilicho imara ni hiki: mtoto wa kike aliye tumboni huwa ameshaanza kuumba mayai yake kabla hajazaliwa. Mama wa Masumbwe anapokunywa dawa ya gome, kula pemba au kuvuta moshi wa zebaki akiwa na mimba ya binti, kinachoingia katika damu yake kinaweza kuwafikia yeye, binti yake, na seli ambazo siku moja zitakuwa wajukuu wake, wote kwa wakati mmoja. Kwa waganga waliosajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kwa wauguzi wa kliniki wanaowauliza wajawazito wametumia nini, kipimo na umri wa mimba ndivyo vinavyotakiwa kuulizwa kwanza, kabla ya jina la mti.